Mtoto wa Jicho wa Gari Kuukuu

Gari likizeeka hupofuka kama apofukavyo binadamu: kidogo kidogo, bila maumivu, na mwenyewe akiwa wa mwisho kujua. Mtaani Migosi, hapa Kisumu, Peugeot na Land Rover za zamani bado huonekana zimeegeshwa uani au chini ya mwembe. Mwenye gari la namna hiyo atakusimulia alivyolirithi kwa marehemu babake, akusifie injini, akufungulie mlango usikie unavyojifunga kwa sauti moja. Taa ataziwasha mchana kweupe, zitawaka, na hapo roho yake itatua. Lakini, msomaji mpenzi, kuwaka si kumulika. Taa inaweza kuwaka kama nyota na isimwonyeshe dereva ng'ombe aliyesimama mbele yake.

Ukitaka kuujua ugonjwa huo, inama uchungulie ndani ya taa. Nyuma ya kioo utaona bakuli ambalo lilipotoka kiwandani lilikuwa na uso wa kujitazamia. Sasa lina ukungu, au madoa ya kahawia, au limechubuka hadi bati limeonekana. Wazee wetu mtu akiingiwa na ukungu jichoni walisema ana mtoto wa jicho. Gari hili nalo lina mtoto wa jicho, na kama ilivyo kwa binadamu, ponya yake imo mikononi mwa anayejua, na hasara yake imo mikononi mwa mwenye haraka.

BAKULI NA KITOVU CHAKE

Sisi tuliosoma chuoni zama za kibatari twaijua siri ambayo mwalimu hakutufundisha. Ukisimamisha kipande cha bati linalong'aa nyuma ya utambi, herufi zilizokuwa gizani husomeka. Mafuta hayakuongezeka, wala moto haukukua. Ni ile nuru iliyokuwa ikipotea ukutani ndiyo iliyorudishwa mbele. Kazi ya bati lile ndiyo kazi ya bakuli la taa ya gari, ambalo mafundi huliita reflekta.

Balbu peke yake ni kitu dhaifu. Humwaga nuru juu, chini, nyuma na pembeni, kama mtu anayetupa mbegu bila kutazama shamba liko wapi. Bakuli ndilo linaloikusanya nuru hiyo na kuipa mwendo. Umbo lake si la bakuli la uji. Ni umbo la hesabu liitwalo parabola, na ajabu yake ni kwamba ndani yake mna nukta moja, tuiite kitovu. Nuru ikitokea kitovuni hapo, kila mwali unaogonga ukuta wa bakuli hurudi mbele ukiwa sambamba na wenziwe, kama safu za jamaa msikitini.

Elimu hii si ya jana. Wayunani waliijua, na wanachuoni wa Kiislamu wakaiendeleza. Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra yapata mwaka 965 na kufariki Cairo yapata 1040, aliandika risala nzima juu ya vioo vya parabola vinavyowasha moto kwa jua, mbali na kitabu chake kikuu cha elimu ya nuru, Kitab al-Manazir. Yeye aliitazama njia ya kwenda: miali ya jua inayoingia ikiwa sambamba ikakutana kitovuni. Taa ya gari ni njia hiyo hiyo ikifuatwa kinyumenyume.

Kwa hivyo bakuli lina mambo mawili ya kulindwa: umbo lake na uso wake. Likibonyea, nuru hupotea njia. Uzi wa balbu ukisogea milimita moja au mbili kutoka kitovuni, nuru hutawanyika hivyo hivyo. Na uso ukifa, nuru hunywewa na bakuli lenyewe, ikabaki joto tu.

TAA NAYO HUPUMUA

Huenda ukauliza: bakuli limefungiwa ndani, nyuma ya kioo, hakuna mkono unaoligusa, basi linachakaa kwa nini? Jawabu ni kwamba taa hupumua. Ukiiwasha, hewa iliyomo hupata moto, ikatanuka na kutoka. Ukiizima, hewa hupoa na kunywea, na taa huvuta pumzi kutoka nje. Kisumu ni mji wa ukingoni mwa ziwa, na hewa yake ya usiku ina unyevu mwingi. Kila pumzi huingiza unyevu kidogo na vumbi kidogo. Mpira wa kuziba ukiwa mzima, madhara huwa haba. Ukishakauka na kupasuka, kama mpira wowote ule uliokaa miaka arobaini juani, basi mlango uko wazi.

Kisha kuna desturi ya mji wenyewe. Kwa miaka mingi magari ya Kisumu yameoshwa kwa kuingizwa kwenye maji ya kina kifupi ufukweni mwa ziwa, na vijana wakisimama majini na ndoo zao. Kazi hiyo imejulikana hata kwa madaktari, maana tangu miaka ya 1990 waoshaji hao wamechunguzwa na watafiti wa ugonjwa wa kichocho. Lakini taa nazo zina kichocho chao. Gari lililotoka safari ya usiku, taa zikiwa bado za moto, likimwagiwa maji baridi, hewa ya ndani hunywea ghafla. Badala ya kuvuta hewa, taa huvuta maji. Baada ya siku mbili tatu utaona doa la kahawia chini ya bakuli, na doa hilo halitarudi nyuma.

KWANZA UIJUE METALI

Hapa ndipo fundi wa kweli anapotengana na fundi wa jina. Fundi wa kweli hauliza kwanza, "Nitalisugua kwa nini?" Huuliza, "Hili ni la metali gani?"

Magari ya kale zaidi, yale ya kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, aghalabu yana bakuli la shaba ya manjano lililochovywa fedha. Fedha ni bora kuliko zote kwa kazi hii, maana hurudisha kiasi cha asilimia 95 ya nuru inayoigonga. Adui yake ni salfa iliyomo katika moshi na hata katika mpira. Hapo huingia weusi, kama bangili ya fedha iliyosahauliwa sandukuni.

Baadaye viwanda vilihamia alumini. Bakuli la bati hupakwa kwanza vanishi ili uso uwe laini, kisha hutiwa ndani ya chombo kilichofyonzwa hewa. Humo alumini hupashwa moto hadi igeuke mvuke, na mvuke huo hutua juu ya bakuli kama umande. Tabaka lake ni jembamba mno: halifiki hata sehemu moja ya elfu ya milimita. Likiwa jipya hurudisha kiasi cha asilimia 85 hadi 90 ya nuru. Peugeot 404, gari lililoshinda Safari Rally mwaka 1963, na tena 1966, 1967 na 1968, ni mtoto wa zama hizo za alumini. Na 504 iliyolifuata, ambayo katika miaka ya 1970 na 1980 ilibeba abiria wengi baina ya Kisumu na Nairobi, ni ya ukoo huo huo.

Aina ya tatu ni taa iliyofungwa moja kwa moja, kioo na bakuli na uzi vikiwa kitu kimoja. Taa hizo zilienea Marekani kuanzia magari ya mwaka 1940, na Land Rover nyingi za zamani zinazo, za kipenyo cha inchi 7. Hizo hazina matibabu. Ikifa, hununuliwa nyingine, na kwa sababu kipimo chake kilienea duniani, bado zapatikana.

MKONO UUAO KWA WEMA

Sasa mwone mtu mwenye mapenzi na gari lake. Jumapili asubuhi amefungua taa, ameona ukungu, amechukua kitambaa safi na dawa ya kung'arishia shaba, akaanza kusugua kwa bidii. Dakika ya kwanza kitambaa kinaingia weusi, naye anafurahi akidhani ni uchafu unaotoka. Kumbe inayotoka ni alumini yenyewe. Dakika ya tano ameifikia vanishi ya chini. Kilichokuwa kimefifia sasa kimekufa, na aliyekiua ni mwenyewe, kwa wema wake.

Mwingine hununua rangi ya fedha ya kopo na kupuliza. Bakuli litapendeza kwa jicho, lakini rangi ina chembechembe, na kila chembe huitupa nuru upande wake. Mwali hauna tena safu. Mwingine hubandika karatasi ya alumini ya jikoni, na mikunjo yake huharibu umbo la bakuli. Mwingine, mwenye fedha, hulipeleka bakuli likapakwe kromu kama bampa. Kromu hung'aa na hudumu, lakini hurudisha kiasi cha asilimia 60 hadi 65 tu ya nuru. Amelipa ili apoteze zaidi ya thuluthi, na apoteze kwa muda mrefu.

Na siku hizi kuna dawa mpya ya kila ugonjwa, nayo ni balbu ya LED. Mtu huona bakuli limekufa, akatia balbu kali nyuma yake. Lakini bakuli la kale lilipigiwa hesabu kwa uzi mmoja mwembamba uliokaa kitovuni, si kwa vipande kadhaa vya nuru vilivyopangwa kwenye kijiti. Matokeo ni mwanga mwingi usio na adabu. Dereva haoni vyema, na anayekuja mbele yake hupofuka.

Hali ni hiyo kwa balbu za moto mkali kupita kiasi. Joto lake hulikaanga bakuli lililo dhaifu, na waya za kale haziwezi mzigo wake.

PIMA KABLA HUJALAUMU

Kabla ya kulihukumu bakuli, fundi hupima umeme. Waya iliyoliwa na kutu, swichi iliyochoka na athi mbovu hula volti njiani. Na taa ya uzi haisamehe jambo hilo: umeme ukipungua kwa asilimia 10, nuru hupungua kwa kiasi cha asilimia 30. Wako waliobadilisha taa nzima, kisha ikagunduliwa kwamba kilichohitajika kilikuwa waya mpya ya athi na rilei ya kuupeleka umeme wa betri moja kwa moja hadi kwenye balbu.

Umeme ukiwa mzima, ndipo bakuli liangaliwe. Kama ni alumini na lina vumbi tu, lipulizwe kwa pampu ndogo ya mpira, si kwa kinywa, maana mate huacha doa. Kama lina ukungu, litiwe maji safi yaliyochemshwa yakawa mvuke kisha yakapozwa yakawa maji tena, yale yanayouzwa kwa ajili ya betri, pamoja na tone moja la sabuni laini. Lizungushwe taratibu, limwagwe, lisuuzwe, kisha lifudikizwe kivulini likauke. Lisisuguliwe. Kitakachotoka ndicho kilichokuwa uchafu, na kitakachobaki ndicho kilichokuwa ugonjwa.

Kama ni fedha nzito juu ya shaba, hapo pana ruhusa zaidi. Pamba laini na unga laini kabisa wa chaki uliolowanishwa kwa spiriti vitaondoa weusi. Wanaojua hufuta kutoka kitovu kwenda ukingoni kwa mstari mnyoofu, si kwa kuzungusha. Ila wakumbuke kwamba kila mfuto huondoa fedha kidogo, na fedha hiyo haikuwa nyingi.

Uso ukiwa umekufa kabisa, matibabu ni kuutia upya, nayo si kazi ya uani. Kuchovya fedha kwa umeme hutumia chumvi za sianidi, ambayo ni sumu ya kuua. Iko njia nyingine ya kutia fedha kwa dawa bila umeme, iliyotokana na ugunduzi wa Mjerumani Justus von Liebig wa mwaka 1835 na kutumiwa kwa vioo vya kujitazamia, lakini mchanganyiko wake ukiachwa ukae unaweza kulipuka. Kutia alumini nako kunataka kile chombo cha kufyonza hewa. Kwa hivyo bakuli hufungwa vizuri likapelekwa kwenye kiwanda chenye vyombo hivyo, na likirudi halishikwi ndani kwa vidole, maana jasho la kidole peke yake ni doa.

Wengi hawataweza gharama hiyo, na njia yao ni kutafuta taa nyingine ya gari lile lile kwa wauza vyuma chakavu. Hapo pana mtego mmoja. Kenya tunaendesha kushoto. Ufaransa na nchi za Ghuba wanaendesha kulia. Kioo cha mbele cha taa ya kwao kimechongwa kutupa mwanga wa karibu upande wao wa barabara, yaani kulia. Ukiifunga taa hiyo hapa, mwanga unaopaswa kumwonyesha mwenda kwa miguu kando ya njia humwingia machoni dereva anayekuja. Hamisha bakuli lao ukitaka, lakini kioo chako cha zamani kirudishe mahali pake.

HESABU YA MITA CHACHE

Huenda mtu akasema haya ni mapambo ya matajiri wanaopeleka magari yao Concours d'Elegance ya Nairobi, mashindano yaliyoanza mwaka 1970, au ya wale wanaokimbia katika Safari Classic iliyozaliwa mwaka 2003. La, hasha. Tufanye hesabu ndogo.

Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 kila sekunde. Kwa hesabu wanayofundishwa madereva wa Uingereza, tangu jicho lione hadi gari lisimame kwa mwendo huo, barabara ikiwa kavu na breki nzima, ni mita 53. Sasa tuseme taa zilipokuwa mpya zilimwonyesha dereva mtu aliyevaa nguo nyeusi akiwa mita 70 mbele. Bakuli likapoteza nusu ya nuru yake. Umbali wa kuona haupungui kwa nusu, hupungua kwa karibu thuluthi moja. Mtu yule sasa ataonekana akiwa mita 50. Mita 50 za kuona, na 53 za kusimama. Tofauti ni mita tatu, na ndani ya mita hizo tatu amesimama binadamu.

Nani huyo? Ondoka Migosi magharibi imekwisha kuingia, pita Kondele, shika barabara ya Mamboleo kwenda Kiboswa. Utamkuta mama aliyechelewa sokoni akirudi na karai kichwani. Utamkuta kijana wa bodaboda ambaye taa yake ya nyuma haiwaki. Utawakuta watoto wakimfukuza mbuzi arudi nyumbani. Hawa hawajui kama gari linalokuja ni la urithi au la maonyesho. Wanachokitegemea ni bakuli lisiloonekana ndani ya taa yake, na wao hawana namna ya kulikagua.

Ndiyo maana neno la fundi katika kazi hii lina uzito kuliko spana yake. Mwenye gari huja akisema, "Fundi, nataka hizi taa zing'ae." Mwenye njaa ya siku moja atachukua kopo la rangi, na jioni zitang'aa. Fundi mwaminifu atamjibu kwa heshima: "Jaduong', kung'aa zitang'aa. Lakini hazitaona." Pengine atakosa kibarua cha siku ile. Lakini atakuwa amefanya kazi ambayo haina bei.

Na kazi ikiisha, iko njia ya kuihakiki isiyotaka mashine. Gari lisimamishwe mahali tambarare, mita 10 kutoka ukutani, usiku. Pima kimo cha kitovu cha taa kutoka chini, ukichore ukutani kwa chaki. Mwanga wa karibu uwe na ukingo wake wa juu kiasi cha sentimita 10 chini ya alama hiyo, na taa mbili zilingane kwa rangi na kwa nguvu. Moja ikiwa ya manjano na nyingine nyeupe, kazi haijaisha. Kisha mpira mpya wa kuziba utiwe, na waosha gari waambiwe wazingoje taa zipoe.

Wapo watakaoniuliza mshairi ana haja gani na taa za gari. Nami nawajibu kwa ubeti, kwani ndiyo sarafu niliyo nayo:

Bakuli lililo ndani, halifutwi kwa msasa,
Mkono uwe makini, kugusa huwa kutesa,
Ujue ni chuma gani, kabla hujafanya kosa,
Nuru ifike njiani, si pambo wala anasa.

Usiku huu, ziwani, wavuvi wa omena watashusha taa zao majini, na kila mmoja ameifuta taa yake kabla ya kutoka, kwa kuwa anajua nuru ndiyo riziki yake. Mwenye gari naye akaifungue taa yake kesho asubuhi, achungulie ndani, na kitambaa akiache mfukoni mpaka ajue anachokitazama.